Kuchagua baiskeli ya umeme: wapi uongeze hela na wapi ubanie

Ingia duka lolote linalouza baiskeli za umeme, utakuta mbili zinazofanana kwa macho, na moja inauzwa mara mbili au tatu ya nyenzake. Ukiuliza sababu utajibiwa kwamba ile ghali ina "vifaa orijino". Jibu hilo linaweza kuwa la kweli na bado lisikusaidie, kwa sababu baiskeli ina vifaa vingi na si kila kimoja kinastahili bei ya juu. Kuna mahali hela ya ziada inakununulia miaka ya utulivu, na kuna mahali inakununulia nembo tu.

Mimi nashika kanuni moja: weka hela kwenye kitu usichoweza kukibadilisha baadaye kwa bei nafuu, na kwenye kitu kinachokusimamisha. Vilivyobaki nunua vya kawaida. Vikichakaa ndipo utaweka bora. Ninaongelea baiskeli yenye pedali inayosaidiwa na mota, si pikipiki ya umeme. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini hesabu ni zilezile ukiwa Mwanza, Mombasa au Hamburg.

Hatua ya 1: Ijue njia yako kabla ya kuitazama baiskeli

Andika kilomita za kwenda na kurudi. Andika mlima mkali kuliko yote uko wapi. Andika unabeba nini: mtoto, kreti za soda, au begi la kompyuta tu. Kisha jiulize baiskeli italala wapi. Hili la mwisho watu hulisahau. Nyingi zina uzito wa kilo 22 hadi 30, na anayekaa ghorofa ya nne isiyo na lifti atajuta kila jioni. Kama ni wewe, tafuta yenye betri ya kuchomoka, ili baiskeli ifungwe chini na betri peke yake ndiyo ipande ngazi.

Mlima ndio unaoamua mota. Chukua mtu wa kilo 80 juu ya baiskeli ya kilo 25. Kwenye tambarare, akienda kilomita 20 kwa saa, anahitaji wati 100 hivi, kiasi ambacho mtu mwenye afya anaweza kukitoa kwa miguu yake, ingawa jasho litamtoka. Mtu huyohuyo akipanda mwinuko wa asilimia 8, yaani kupanda mita 8 kwa kila mita 100, hata kwa mwendo wa kilomita 12 tu anahitaji wati 300 hivi. Miguu itoe 100, mota itoe 200 zilizobaki, tena mfululizo bila kuungua. Kwa hiyo anayetoka Mwenge kwenda Posta anatoshwa na mota ya wati 250 za kweli. Anayeishi kwenye vilima vya Mwanza, au anayepanda na kushuka Lushoto kila siku, asome hatua ya 3 kwa makini zaidi.

Hatua ya 2: Betri, hapa ndipo usibanie

Betri mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote, ndiyo inayozeeka, na ikiwa mbovu inaweza kuchoma nyumba. Muuzaji akikwambia "hii ni volti 48", bado hajakwambia kitu. Ulizia wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Zinapatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: volti 36 mara ampea-saa 13 ni wati-saa 468, volti 48 mara ampea-saa 14 ni 672.

Ukikanyaga pedali kwa kiasi, baiskeli hula wati-saa 8 hadi 15 kwa kila kilomita. Ukiiachia mota kazi yote, inaweza kufika 20 na kuzidi. Betri ya wati-saa 468 basi inakupa kilomita 30 hadi 40 za uhakika. Zile "kilomita 100" zilizoandikwa kwenye kibandiko ni za mtu mwepesi, njia tambarare, na msaada wa mota uliowekwa chini kabisa. Nunua betri yenye karibu mara mbili ya mahitaji yako ya siku. Itapungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda, na betri isiyokamuliwa hadi tone la mwisho kila siku huishi zaidi.

Umeme wenyewe usikutishe. Kuijaza betri ya wati-saa 500, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, hakufiki uniti moja ya LUKU. Ni kama 0.6. Uniti ikiwa takriban shilingi 350, unatumia shilingi 200 na kidogo, chini ya nauli ya daladala ya safari moja. Gharama halisi ya baiskeli ya umeme ni kuichakaza betri, na ndiyo maana ubora wake unalipa.

Sasa, utajuaje kama iliyo mbele yako ni nzuri? Ndani yake kuna seli ndogo za duara, nyingi zikiwa za saizi ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, au 21700. Betri ya volti 36 ina makundi kumi ya seli yaliyounganishwa mfululizo, na kundi moja likichoka, betri nzima hujizima hata kama makundi tisa bado yana chaji. Unapolipia seli za Samsung, LG au Panasonic, unalipia hasa ule ufanano wa seli moja na nyingine. Mwambie muuzaji aandike jina la seli kwenye risiti. Akisita, umeshapata jibu.

Kipimo kingine hakihitaji utaalamu, ni mizani tu. Betri nzuri ya baiskeli, pamoja na ganda lake, hubeba chini ya wati-saa 200 kwa kila kilo. Betri ya wati-saa 500 itakuwa na kilo 2.5 hadi 3.5. Ukiletewa iliyoandikwa wati-saa 700 na mizani ikasoma kilo 2, ndani hamna hizo 700. Vilevile, seli ya 18650 iliyo bora kabisa ina ampea-saa 3.5 hivi, ukiona seli ya saizi hiyo imeandikwa 9.9, ni uongo mtupu, usiiguse.

Ulizia pia bodi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha kupita kiasi au ikipata shoti. Na chaja lazima iwe ya betri ileile: ya volti 36 hujaa kwenye volti 42, ya volti 48 hujaa kwenye 54.6. Plagi zake zinaweza kufanana kabisa, na hapo ndipo ajali hutokea. Nyumbani ziandike kwa rangi kama una zaidi ya moja.

Kuhusu moto sitapunguza maneno. Mwaka 2023 mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18 katika jiji la New York, na mwaka huohuo jiji likapiga marufuku kuuza baiskeli za umeme zisizo na cheti cha UL 2849, kiwango cha Marekani cha usalama wa umeme wa baiskeli hizi. Ulaya kiwango cha baiskeli nzima ni EN 15194. Cheti hakiondoi hatari yote, lakini kinaonyesha kwamba betri, chaja na mota vimepimwa vikiwa pamoja. Kama kuna nyongeza moja ya bei ambayo ningemsihi mtu mwenye watoto ndani ya nyumba ailipe, ni hii. Na betri yoyote, yenye cheti au isiyo nacho, usiichaji mlangoni pa kutokea wala usiku wote wamelala.

Joto ndilo adui wetu wa kila siku. Seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45, na ganda jeusi lililoachwa juani saa nane mchana, Dar ya mwezi wa pili, hufika huko upesi. Ukifika nyumbani, iache betri ipoe kivulini nusu saa ndipo uichomeke.

Hatua ya 3: Mota na sensa yake

Mota ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza hukaa kwenye kitovu cha gurudumu, mara nyingi la nyuma. Ya pili hukaa katikati, pale penye pedali, na nguvu zake hupitia kwenye mnyororo na gia. Bosch, Shimano na Yamaha wanajulikana kwa hizi za katikati. Bafang wanatengeneza za aina zote mbili.

Mota ya katikati ni ghali zaidi, na mlimani inastahili bei yake, kwa sababu inatumia gia zilezile unazotumia wewe: ukishusha gia, nayo inapata wepesi. Bosch Performance Line CX, kwa mfano, kwa miaka kadhaa ilikuwa na nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 85. Ya kitovuni ina gia moja tu. Kwenye mlima mrefu mwendo wake ukishuka sana, inageuza umeme kuwa joto badala ya mwendo, na ukiendelea kuilazimisha itaungua.

Lakini kwa anayeishi Dar, Zanzibar au Mombasa, mimi ningechagua ya kitovuni na nisione haya. Njia nyingi hazina milima mirefu. Mota yenyewe haina mambo mengi, mnyororo hauumii, na kontrola yake, yaani kiboksi kinachoipimia mota umeme, ikiungua unaweza kuweka ya kampuni nyingine ilimradi volti na ampea zinalingana. Mifumo ya bei ya juu imefungwa: betri, mota na skrini vinatambuana kwa programu, na betri ya mtu mwingine haikubaliwi. Ukiwa Ujerumani hilo halikusumbui, kuna duka lenye kompyuta ya kuuchunguza mfumo huo karibu na kila mtaa. Ukiwa mji usio na fundi mwenye kompyuta hiyo, umenunua kitu kizuri ambacho hitilafu ndogo inaweza kukisimamisha kwa miezi. Kabla ya kulipia mfumo wa namna hiyo, mtafute kwanza atakayeutengeneza.

Usiruke sensa. Baiskeli za bei nafuu zina sensa inayotambua tu kwamba pedali zinazunguka. Ukianza kukanyaga inachelewa kidogo, halafu inakusukuma kwa nguvu ileile hata kama unapenya taratibu katikati ya watu sokoni. Sensa ya nguvu hupima unakanyaga kwa uzito gani na kukuongezea kwa kiasi hicho. Baiskeli inakuwa tulivu, betri inadumu zaidi, na kwenye foleni ya Ubungo unajiona unaitawala. Kuiongeza baadaye ni kazi kubwa, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu, ilipie mwanzoni. Usipoweza, hakikisha angalau mikono ya breki ina swichi inayoizima mota mara tu unapoigusa.

Hatua ya 4: Breki

Linganisha mtu wa kilo 75 kwenye baiskeli ya kawaida anayekwenda kilomita 18 kwa saa na mtu huyohuyo kwenye ya umeme, mzigo mdogo nyuma, kilomita 25. Mwendo unaonekana umeongezeka kidogo tu, lakini nguvu ambazo breki zinapaswa kuzizima zimezidi maradufu. Ongeza mvua, ongeza bajaji inayokata kona bila taa.

Breki za diski za mafuta ndizo ninazozipendekeza, na huhitaji za daraja la juu. Seti za chini kabisa za Shimano au Tektro, zenye diski ya milimita 180 mbele, zinafanya kazi ya kutosha kwa mtu wa mjini. Kutoka breki za waya kwenda za mafuta utahisi tofauti kwenye vidole siku ya kwanza. Kutoka seti ya kawaida kwenda seti ya mashindano, asiyeteremka milima mirefu hatahisi kitu cha maana.

Ila kuna onyo ambalo gharama yake ni ndogo ukilijua mapema. Breki za Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini. Fundi aliyezoea magari anaweza kukuwekea mafuta ya breki ya gari, yale ya DOT, na mpira wa ndani utavimba na kuharibika. Nunua kichupa chako cha mafuta sahihi, mpelekee fundi mkononi.

Kama hapo ulipo hakuna kabisa anayejua kutoa hewa kwenye breki za mafuta, breki za diski za waya zilizorekebishwa vizuri ni bora kuliko za mafuta zilizokufa. Mradi fremu ina sehemu ya kufungia diski, utaweza kubadilisha siku zijazo.

Hatua ya 5: Magurudumu na tairi

Mwenye mota ya kitovu cha nyuma akipata pancha, hafungui gurudumu kwa sekunde mbili. Anachomoa waya, analegeza nati kubwa, mara nyingi za spana ya 18, anakumbuka mpangilio wa washa, ndipo atoe tyubu. Fanya hivyo mara moja kando ya Barabara ya Mandela kwenye jua na utaelewa kwa nini tairi lenye mkanda wa kuzuia miiba, kama Schwalbe Marathon Plus au mfano wake, linalipa. Ni zito na gumu kidogo, lakini mota haijali uzito huo. Upana wa inchi 2 hadi 2.4 unafaa barabara zetu, na upepo usijazwe kuwa kama jiwe.

Gurudumu lenye mota hukata spoku zaidi ya la kawaida, hasa kama unabeba abiria. Tazama unene wake: milimita 2.3 au 2.6 ni nzuri. Rimu iwe na kuta mbili. Hapa bei haipandi sana, ni suala la kuangalia tu, na wengi hawaangalii.

Hatua ya 6: Gia, shokapu na mapambo, hapa bania

Shimano wana ngazi ndefu ya gia: Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, na kuendelea hadi XT na XTR. Wauzaji hupenda kutaja majina haya kwa sababu yanaonekana. Kinachobadilika sana unapopanda ngazi hiyo ni wepesi na ulaini wa kubadilisha gia. Gramu 200 zilizopunguzwa kwenye baiskeli ya kilo 25 hazina maana yoyote. Kutoka Tourney kwenda Altus au Acera kuna faida ya kudumu, lipa tofauti ndogo hiyo. Kupita Deore, kwa safari za kazini, sioni sababu. Isipokuwa mwenye mota ya katikati: mnyororo wake unabeba nguvu za mtu na za mota pamoja, hivyo vifaa vilivyotengenezwa kudumu, kama mfululizo wa CUES ambao Shimano waliutoa mwaka 2023, vina maana kuliko vile vilivyotengenezwa kuwa vyepesi.

Gia 7 hadi 9 za nyuma zinatosha. Kadiri gia zinavyoongezeka mnyororo unakuwa mwembamba na ghali, na unakuwa mgumu kuupata madukani. Mnyororo wenyewe upime kwa rula: nafasi 24, kuanzia pini moja hadi nyingine, ni milimita 304.8 ukiwa mpya. Zikifika 307, badilisha kabla haujala meno ya friwili.

Shokapu za mbele za bei ya chini zina kilo mbili na zaidi, hazizuii vumbi vizuri, na baada ya masika moja zinaanza kukwama. Uma wa chuma usio na shokapu pamoja na tairi pana ni chaguo bora kwa bei hiyohiyo. Skrini ya rangi, programu ya simu, taa za urembo: pita. Lakini taa ya mbele inayokula umeme wa betri kubwa, madigadi ndefu na keria iliyofungwa kwenye fremu kwa boliti ni vitu vya kuulizia kwa sauti, kwani kuviongeza baadaye kunasumbua kuliko unavyodhani.

Kuhusu maji, baiskeli hizi huvumilia mvua, haziogelei. Usivuke nazo Jangwani siku bonde limejaa. Na walio karibu na bahari wapake grisi kidogo kwenye viunganishi vya waya. Chumvi hula shaba kimyakimya.

Hatua ya 7: Ijaribu, usikubali mzunguko wa uani

Omba uipande kwa dakika kumi na tano hivi, mlima mmoja ukiwemo. Zima mota kabisa na ukanyage: siku betri itakapoisha, hiyo ndiyo baiskeli utakayokuwa nayo. Kisha iwashe tena, panda mlima taratibu, halafu iguse mota. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, ni ndogo kwa njia yako. Funga breki ya mbele pole pole ukisikiliza mlio. Mwisho chomoa betri na kuirudisha mara kadhaa. Ikicheza kwenye kitako chake, viunganishi vitaungua.

Kama ndugu yako aliye Ulaya anataka kukutumia iliyotumika, mambo mawili. Betri haisafiri kwenye begi la ndege: mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli inazidi mara kadhaa, kwa hiyo njia ni meli na nyaraka zake. Pili, baiskeli za huko kisheria zina mota ya wati 250 na msaada wake hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Si mbovu, ndivyo zilivyotengenezwa. Za Marekani nyingi husaidia hadi kilomita 32. Mwambie apige picha ya idadi ya mizunguko ya chaji kama mfumo unaionyesha, na tarehe iliyo kwenye betri. Betri ya miaka saba ihesabu kuwa utanunua nyingine, ndipo upatane bei.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Spoku mpya hulegea. Baada ya wiki chache mpelekee fundi azikaze zote sawasawa, na akukazie nati za kitovu na boliti za pedali. Brekipedi zikianza kupiga kelele zitoe uzitazame kabla hazijafika kwenye chuma. Weka akiba tyubu moja, mnyororo mmoja na seti ya brekipedi zinazolingana, kwa sababu siku utakapozihitaji duka halitakuwa nazo. Na ukisafiri kwenda kijijini kwa muda mrefu, iache betri ikiwa na chaji ya nusu hivi, ndani ya nyumba, mbali na bati, huku chaja ikiwa imechomolewa.